Njano ya promota: nini hasa kiliwaudhi mashabiki wa NASCAR

Mapema mwezi Mei 2025, NASCAR, chama kinachoendesha mbio za magari Marekani, ilitoa kanuni za mbio zake za All-Star, zilizopangwa kufanyika tarehe 18 mwezi huohuo katika uwanja wa North Wilkesboro, jimbo la North Carolina. Mambo mengi humo yalikuwa ya kawaida: mizunguko imeongezwa kutoka 200 hadi 250, kutakuwa na mapumziko karibu na mzunguko wa 100, mshindi ataondoka na dola milioni 1. Kilichoamsha kelele ni kifungu kimoja kifupi. Promota wa mbio alipewa haki ya kuagiza bendera ya njano mara moja, wakati wowote autakao, kabla ya mzunguko wa 220. Gari si lazima ligonge ukuta, wala mafuta si lazima yamwagike barabarani. Akiona mbio zimepoa, njano inapepea. Sharti lilikuwa kwamba ajali ikitokea yenyewe baada ya mzunguko wa 200, haki hiyo inafutika.

Promota mwenyewe ni Marcus Smith, mkuu wa Speedway Motorsports, kampuni inayomiliki uwanja huo.

Mashabiki walichachamaa kabla hata injini hazijawashwa. Kwa mtu asiyeufuatilia mchezo huu, hasira ile inashangaza kidogo, kwa sababu All-Star haina pointi. Dereva akishinda haongezi chochote kwenye msimamo wa ubingwa, na akishindwa hapotezi. Ni mbio za burudani na pesa, mfano wa bonanza katikati ya msimu. Kwa nini basi watu wazima wagombane siku kumi na zaidi juu ya bendera moja katika bonanza?

Kuna majibu mawili, na mara nyingi huchanganywa kuwa moja. Nitayatenganisha, kwa sababu naamini mashabiki walikuwa na hoja nzito kuliko walivyoweza kuieleza katika joto la mabishano.

Tuanze na bendera yenyewe. Aliyezoea Safari Rally ya Naivasha amezoea magari yanayoachiwa moja moja, kila dereva akipambana na saa. Katika NASCAR magari zaidi ya ishirini yanakimbia pamoja kwenye duara moja, na anayefika wa kwanza ndiye mshindi. Njano inapopepea, kila mtu anapunguza mwendo na kupanga mstari nyuma ya gari la usalama. Hakuna kupita mtu. Hapo ndipo mwanya wote uliojengwa unapotoweka. Dereva aliyekuwa ameongoza kwa sekunde nne, pengine kwa kazi ya nusu saa, akitazama kioo anamwona wa pili amemganda nyuma yake.

North Wilkesboro ni uwanja mdogo, mzunguko wake ni kilomita moja hivi, nao unamalizika kwa takribani sekunde 20. Upande wa mbele unateremka, upande wa nyuma unapanda. Tairi hula lami na lami hula tairi. Kadiri mizunguko inavyosonga gari linaanza kuteleza kwenye kona na mwendo unashuka. Kwa hiyo njano ikija karibu na mwisho, anayeongoza anawekwa kwenye mtego. Yeye ndiye anayefika kwanza mbele ya mlango wa piti, mahali mafundi wanapobadilisha tairi, hivyo yeye ndiye anayelazimika kuamua kwanza. Akiingia kubadilisha tairi, walio nyuma wanaweza kubaki barabarani na kumnyang'anya nafasi. Akibaki, wao wanaingia, wanavaa tairi mpya, na mbio zinaanza upya yeye akiwa na tairi zilizochoka na wao wakiwa na makucha. Wa nyuma wanachohitaji ni kumtazama tu halafu kufanya kinyume chake.

Ndiyo maana njano haipokelewi kama jambo dogo. Inamwondolea wa mbele alichochuma na kumgawia wa nyuma nafasi mpya. Ajali ikiileta, watu wanasema bahati mbaya, mchezo ndivyo ulivyo. Lakini mtu akiileta kwa hiari yake, akiwa amekaa anamwona nani anaongoza na kwa umbali gani, swali la "kwa nini sasa?" halina budi kuulizwa.

Na swali hilo lina umri mrefu. Kwa miaka mingi NASCAR ilikuwa na njano za uchafu barabarani: waamuzi wakisema wameona kipande cha chuma au mpira, mbio zinapunguzwa mwendo, magari yanarundikana tena. Mara nyingine kipande chenyewe hakuna kamera iliyokionyesha. Mashabiki walishuku kwamba njano hizo zilikuwa dawa ya mbio zilizochosha. Mwaka 2007 Tony Stewart, bingwa wa mwaka 2002 na 2005, alilisema hadharani redioni, akaufananisha mchezo wake na mieleka ya kuigiza. Tangu 2017 msimu mzima ukaingia mfumo wa vipande: mbio zinagawanywa na njano zinazojulikana kabla, kipande kinapoisha magari yanakusanywa na pointi zinatolewa. Wengine waliupenda, wengine mpaka leo hawajausamehe. Lakini njano zile, hata kwa wasiozipenda, zimeandikwa kwenye ratiba. Kila fundi anajua itakuja mzunguko gani na anapanga mafuta na tairi zake kwa kuihesabu.

Njano ya promota ni kitu cha aina nyingine kabisa. Kanuni inayojulikana kabla ya mbio haina jina la mtu ndani yake. Inamkuta yeyote atakayekuwa mbele. Uamuzi unaofanywa huku unamtazama anayeongoza una jina lake, hata kama mwamuzi hana nia mbaya hata chembe. Hili ndilo jibu la kwanza, na kwangu ndilo zito zaidi. Shabiki aliyeshuku miaka ishirini kwamba kuna mkono unaovuta kamba nyuma ya pazia, leo anaambiwa mkono upo, tena sasa umeandikwa kwenye kanuni.

Kuna waliojibu kwamba afadhali mkono unaoonekana. Ni hoja ya kweli, sikuipuuza. Smith hakujificha, alisimama na wazo lake na jina lake. Katika viwanja vidogo vya vijijini Marekani, promota tangu zamani ni mtu wa kuchangamsha watu: anaongeza zawadi, anageuza mstari wa kuanzia, na jukwaa linashangilia. Na kwa All-Star yenyewe, mashabiki wamezoea mikono mingi. Tangu 2004 wao wenyewe wanapiga kura ya kumwingiza dereva mmoja ambaye hakufuzu. Mwaka 2025 kura hiyo ilimwingiza Noah Gragson. Sikumsikia mtu akisema Gragson amependelewa isivyo halali. Lakini tazama tofauti: kura inamalizika kabla ya bendera ya kijani, ile inayoruhusu magari kukimbia kwa kasi. Gragson akishaingia, yuko mikononi mwa usukani wake.

Jibu la pili linahusu historia ya mbio hizi, na hapa inabidi turudi nyuma.

All-Star ilianza 1985 kwa jina la The Winston, katika uwanja wa Charlotte, kwa fedha za kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds. Walialikwa washindi wa mbio za msimu uliotangulia, madereva 12 tu, na zawadi ya mshindi ilikuwa dola 200,000. Darrell Waltrip alishinda, na injini yake ikapasuka palepale alipovuka mstari, jambo lililowapa watu la kuzungumza kwa miaka. Tangu mwanzo, basi, mbio hizi zilikuwa na uhuru ambao mbio za pointi hazina. Kwa kuwa hakuna ubingwa wa kuharibu, unaweza kujaribu kitu.

Na walijaribu. Mei 1992 taa zilifungwa kuzunguka uwanja wote wa Charlotte, zaidi ya kilomita mbili, na mbio zikafanyika usiku. Mzunguko wa mwisho Dale Earnhardt aliyekuwa mbele aligeuzwa na Kyle Petty, Davey Allison akapenya, na Allison na Petty wakagusana kwenye mstari wenyewe. Allison alivuka akiwa mshindi huku gari likienda upande, likapiga ukuta, naye akapelekwa hospitali badala ya jukwaani. Leo mbio za usiku katika viwanja vikubwa ni jambo la kawaida hata watoto hawajui kwamba zamani lilikuwa jaribio.

Julai 2020, mbio zilipohamishiwa uwanja wa Bristol kwa sababu ya korona, zililetwa kanuni mbili kwa mara moja. Ya kwanza ilihusu kuanza upya baada ya njano. Magari huanza upya yakiwa katika mistari miwili, na awali nafasi yako ndiyo iliyokupangia mstari: wa tatu ndani, wa nne nje, na kuendelea. Penye mstari mmoja mzuri na mwingine mbaya, madereva walifika hatua ya kukanyaga breki kwenye mlango wa kutokea piti ili watoke katika nafasi wanayoitaka. Kanuni mpya ilichora alama barabarani. Ukiifikia unachagua mwenyewe, ndani au nje, na ukikubali mstari mbaya unaweza kusogea mbele. Viwanja vidogo vilikuwa nayo zamani, mashabiki waliililia kwa muda mrefu, na usiku ule ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba mwezi uliofuata ilikuwa tayari kwenye mbio za pointi. Ya pili ilihusu namba ya gari. Kwa vizazi vingi namba hukaa katikati ya mlango. Bristol waliisogeza nyuma kuelekea tairi ili wadhamini wapate nafasi. Mashabiki walinung'unika, wengi kwa uchungu wa kweli, maana kwa shabiki namba ile ni kama nembo ya klabu kwenye jezi. Iliondolewa. Mwaka 2022, gari jipya lilipokuja, namba ikahamishwa moja kwa moja, safari hii mbele, karibu na tairi la mbele. Iko huko mpaka leo.

Hata 2018 ilikuwa hivyo. Charlotte walifunga injini vizuizi vya hewa na kuyawekea magari mabawa makubwa zaidi, ili yakimbie yakiwa yamekaribiana. Usiku ule watu walifurahi. Msimu wa 2019 mfumo wenye fikra ileile, wa nguvu pungufu na mabawa makubwa, ukaenea kwenye viwanja vingi, na furaha ikageuka ubishi uliodumu miaka.

Kwa hiyo shabiki anaposoma kanuni za All-Star, hasomi kanuni za bonanza. Anasoma rasimu ya msimu ujao. Anapiga kelele mapema kwa sababu amejifunza kwamba likishapita usiku mmoja bila upinzani, linaweza kumkuta Februari mwaka unaofuata kwenye mbio zenye pointi. Ukiliona hivyo, zile siku za mabishano kabla ya North Wilkesboro hazikuwa utoto. Ndiyo nafasi pekee aliyonayo ya kusema hapana kabla mlango haujafungwa.

Zaidi ya hapo, ana kumbukumbu za kanuni zilizoharibika mikononi mwa waliozitunga. Mwaka 2016 muundo wa All-Star uliokuwa umechangiwa mawazo na dereva Brad Keselowski ulitaka kila gari liingie piti wakati mbio zinaendelea, katika kila kimoja cha vipande viwili vya kwanza. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Jamie McMurray akateleza, njano ikaja wakati baadhi wameshaingia piti na wengine bado, na ghafla hakuna aliyejua nani yuko mzunguko gani. Matt Kenseth aliadhibiwa kwa kutoingia piti ambayo njano ilikuwa imemzuia kuingia kwa wakati. Watazamaji uwanjani walikaa wanatazama magari yakipangwa na kupangwa upya. Joey Logano alishinda. Stewart, akiwa katika msimu wake wa mwisho, aliondoka akisema wazi jinsi alivyochukizwa.

Halafu All-Star ya Texas, 2022. Hii niliitazama mwenyewe, na bado naiona. Ryan Blaney anakuja kumaliza, mbele peke yake, mita chache kufika. Nyuma sana gari moja limegusa ukuta na linaendelea kutembea. Njano inawaka. Kanuni ya usiku ule inasema mbio lazima ziishe chini ya kijani. Blaney hajui; anavuka mstari, anafungua wavu wa dirishani, ule unaozuia mkono usitoke nje gari likipinduka, kama madereva wafanyavyo wanaposhangilia. Kisha redioni anaambiwa hazijaisha. Kwa mizunguko kadhaa ya polepole unamwona akihangaika na ule wavu kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani, kuurudisha kwenye ndoano yake akiwa amefungwa mkanda. Wavu unakaa vibayavibaya. Waamuzi wanamruhusu aendelee, Denny Hamlin aliyekuwa wa pili anapinga kwa haki yake, na Blaney anashinda mara ya pili katika usiku mmoja. NASCAR baadaye ilikiri kwamba njano ile iliharakishwa. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa 2025 kwamba njano ni kitufe tu cha kuongeza utamu.

Sasa upande wa promota, kwa sababu naye alikuwa na shida halisi. North Wilkesboro ni uwanja uliokufa ukafufuka. Mwaka 1996 ulifungwa baada ya tarehe zake mbili za mbio kuhamishiwa Texas na New Hampshire. Mmoja wa wamiliki wawili waliozihamisha alikuwa Bruton Smith, baba yake Marcus. Kwa robo karne majani yaliota kwenye majukwaa. Msukumo wa dereva wa zamani Dale Earnhardt Jr. na fedha za serikali za kufufua uchumi baada ya korona vikaurudisha, na All-Star ya 2023 ikawa sherehe ya kweli ya watu kurudi nyumbani. Mbio zenyewe zikawa baridi. Kyle Larson aliongoza mizunguko 145 na kushinda kwa zaidi ya sekunde nne. Lami mpya ikawekwa, tairi laini zikaletwa. Mwaka 2024 Logano akaongoza mizunguko 199 kati ya 200. Kilichokumbukwa usiku ule ni ngumi za Ricky Stenhouse Jr. na Kyle Busch baada ya mbio. Mashabiki haohao walilalamika kwamba wamechoshwa. Smith alisikia "tumechoshwa" akaleta njano. Walichomaanisha ni gari linaloweza kupita gari lingine. Gari jipya la 2022 lina mwendo mzuri kwenye viwanja vikubwa lakini kwenye vidogo kumpita mtu ni kazi ngumu, na dawa ya hilo iko karakana, kwenye injini na tairi. Bendera inakusanya magari. Haiyapi uwezo wa kupitana.

Usiku wenyewe ulifika. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa za usiku kuamkia Jumatatu. Na mbio zikawa nzuri, inabidi niseme ukweli. Walipitana kwa kijani bila msaada wa mtu. Logano alikuwa mwenye gari bora na aliongoza mizunguko 139. Ilipobaki kidogo kufika kikomo cha 220, njano ya promota ikapepea. Logano akabaki barabarani. Christopher Bell akaingia kuchukua tairi mpya. Zikiwa zimebaki mizunguko kama kumi, Bell alijipenyeza ndani yake, wakagusana, Logano akasukumwa juu, na dola milioni 1 zikaenda kwa Bell. Mtego uleule niliouelezea juu, ulifanya kazi hatua kwa hatua.

Baada ya hapo ubishi ukawa mgumu kuliko kabla. Waliokuwa wakiipinga walisema mtu ameporwa mchana kweupe. Waliokuwa wakiitetea walisema tazameni, tumepata mwisho wa kusisimua. Logano hakuficha hasira yake. Kwangu mimi, jambo la kusikitisha lilimhusu Bell: aliendesha vizuri sana, uamuzi wa piti ulikuwa sahihi, kupita kwake kulikuwa kwa ushujaa, na bado ushindi wake hautajwi bila neno "promota" kufuatia. Kanuni ile haikumdhuru aliyeshindwa peke yake.

Ratiba ya 2026 ilipotoka, All-Star ilihamishiwa Dover, uwanja wa zege wenye mzunguko wa maili moja, na North Wilkesboro ikapewa mbio za pointi, za kwanza tangu 1996. Watu wa Wilkes, kaunti ulipo uwanja huo, walisherehekea. Watu wa Dover, walioandaa mbio za pointi tangu 1969, waliona wamenyang'anywa kitu halisi wakapewa bonanza. Viwanja vyote viwili ni vya Speedway Motorsports.